Alfonsi Romani Likwata na Unga Uliokunywa Unyevu

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti 1936, mzee Romani Likwata alikaa uani kwake Nyangamara akisubiri habari kutoka chumbani. Alfajiri mkunga alitoka akasema, "Ni dume, na sauti anayo." Huyo ndiye mpendwa wetu Alfonsi, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Romani na bibi Yustina.

Alianza shule ya misheni mwaka 1945. Mwaka wa pili mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anauliza maswali mengi. Bibi Yustina hakujua kusoma; aliposomewa alidhani ni mashtaka, akamchapa. Ikabidi mwalimu mwenyewe aje nyumbani kueleza kwamba zile zilikuwa sifa. Baadaye Alfonsi alisomea ufundi umeme Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1958.

Tarehe 23 Aprili 1960 alifunga ndoa na Stefania, binti wa kijiji cha Milola. Binti yao wa kwanza, Valeria, alizaliwa Desemba 1961, mwezi wa Uhuru. Mwaka 1963 marehemu alipelekwa Ujerumani Mashariki kwa miaka minne. Mkewe, mtu wa wasiwasi tangu utoto wake, alibaki Nyangamara akihesabu barua. Tomaso na Emerensiana walizaliwa baada ya baba kurudi.

Huko ugenini alijifunza kutengeneza kapasita, vile vidude vidogo vya udongo wa kuchoma vinavyoshika umeme ndani ya redio. Mwaka 1972 alikabidhiwa karakana ndogo Lindi mjini, yenye tanuri la umeme na wanafunzi saba. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimepewa redio za kusikilizia taarifa na masomo ya watu wazima, lakini jua likipanda kituo kilikuwa kinahama. Marehemu alieleza kwamba kapasita zilikuwa zinabadilika kwa joto. Dawa yake ilikuwa kuchanganya kwenye udongo chembe ya lanthanamu, unga mweupe wa madini adimu, kwa kipimo kisichozidi wala kupungua. Alikuwa akisema ni kama chumvi kwenye mchuzi.

Mara tatu alichoma, mara tatu kapasita zikakataa. Barua ikaja: wakaguzi watafika tarehe 1 Desemba 1975, na wasipoona kitu, karakana itafanywa ghala la magunia na wanafunzi warudi kwao. Marehemu alikonda.

Adhuhuri moja ya Novemba, mkewe alimpelekea chakula akamkuta anapima ule unga.

"Baba Valeria, kopo hilo huwa halina mfuniko?"

"Mfuniko ulipotea. Weka chakula hapo, acha kuhangaika na makopo."

"Nihangaike, maana msimu huu hata chumvi ndani inatoa maji. Juzi shemeji yako Rafaeli kaleta korosho zilizolala umande. Mzani ukasema kilo themanini. Tukazianika siku mbili, mzani ukasema sabini. Huo unga wako umeuanika?"

Marehemu aliweka kijiko chini. Kule Ujerumani walikuwa wanapewa unga uliokwisha kukaushwa, kwenye chupa zilizozibwa, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Alasiri ile aliuchoma unga kwenye tanuri, akaupima ungali na moto. Ulikuwa umepungua sehemu moja kwa saba. Mara zote tatu alikuwa anapima maji akidhani ni lanthanamu. (Ndugu Rafaeli yupo hapa, na ameridhia habari hii isomwe.)

Wakaguzi walipofika, redio yenye kapasita mpya, zilizochomwa kwa unga uliokaushwa, iliwekwa juu ya bati juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kituo hakikuhama hata kidogo.

"Ndugu Alfonsi, umeongeza nini?" aliuliza mkubwa wao huku akijifuta jasho.

"Nimepunguza maji, ndugu."

Karakana ikabaki. Tangu siku ile redio za vijiji vingi, hata za Kikole kule Kilwa, zimepona mikononi mwake.

Figo zilianza kumsumbua Machi 1979. Aliumwa kwa uvumilivu, ila hofu yake ilikuwa moja: kwamba akiondoka, karakana itafungwa kwa kukosa fundi. Wiki zake za mwisho alimwita mwanafunzi wake mkubwa, Yunusu Bakari, kando ya kitanda.

"Haya, sema."

"Kwanza nakausha, mwalimu. Pili napima ungali moto."

"Halafu?"

"Nafunika kopo."

"Na nani atakukagua?"

"Mama Valeria."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 8 Mei 1980, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Stefania, watoto watatu, Valeria, Tomaso na Emerensiana, mjukuu mmoja, ndugu wanne na wanafunzi saba ambao aliwaita wanangu.

Jana imefika barua kutoka Dar es Salaam. Yunusu Bakari amethibitishwa kuwa fundi mkuu. Marehemu hakuiona, nasi tumeona vema isomwe mbele yake leo.

Mungu ampokee Alfonsi, ampe raha baada ya kazi. Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Yunusu atafungua mlango wa karakana.