Vijiko Sita vya Maharage

Asubuhi hiyo ya mwaka wa hamsini na nne, benchi letu la kahawa karibu na soko la Arusha lilikuwa kimya. Lemburis, mkimbiaji wetu wa maili tatu, alikaa katikati, midomo imempauka. Jana yake alikuwa ameanguka mazoezini. Tangu achaguliwe kwenda mashindano ya jimbo, alikula kwa kufuata karatasi aliyoiandika mwenyewe: maharage vijiko sita, ndizi ya kuchemsha nusu, maziwa hapana. Akizidisha kijiko kimoja, alikimbia hadi Kisongo na kurudi, kujiadhibu.

— Ni maharage hayo, alisema Manase, fundi baiskeli tuliyemwita Breki. Yanajaza upepo. Punguza, kula vinne.

— Maharage yana kosa gani? alidakia Efraimu, aliyewahi kufagia hospitali, hivyo tukamwita Daktari. Shida ni maji. Yanalegeza magoti.

— Sasa anywe nini? aliuliza Breki.

— Asinywe. Na asipite penye nyama choma. Harufu tu inaongeza uzito!

Siku nyingine tungecheka. Lemburis alitoa karatasi na penseli, akayaandika hayo yote, neno kwa neno.

Ndipo akafika dada yake, Namnyaki, ameshika kibuyu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama.

Akamgeukia kaka yake.

— Mama kakutengenezea loshoro. Mahindi na maziwa mgando, kama unavyopenda.

— Haimo kwenye karatasi.

Namnyaki hakubishana naye. Alitutazama sisi.

— Ninyi mnakaa naye kila siku. Mara ya mwisho mlimwona ameshiba lini?

Breki aliinamisha kichwa. Mimi, niliyemmiminia kahawa kila asubuhi nikimsifu kwa kukonda, niliweka birika chini.

— Nikila halafu nikashindwa, nitasema nini? Lemburis aliuliza kwa sauti ndogo.

— Utasema umeshindwa. Kisha utarudi nyumbani.

Lemburis alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa taratibu, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemtania.

Kwenye mashindano alikuwa wa nne. Aliporudi, mashavu yamejaa kidogo, Daktari alimuuliza alikula nini asubuhi ya mbio.

Lemburis alifikiri.

— Sikumbuki, mzee.