Ukanda Tulioufyeka Wenyewe

Mgeni rasmi, wenyeji wa hafla, mabibi na mabwana,

Karibu, na angalia unapokanyaga. Sisi ni Kikundi cha Wapima Ardhi Oevu. Tuliutembea uwanja huu kabla halijaletwa hema wala zulia. Risala inasomwa na katibu wetu. Hatutakuchosha.

TULIKOANZIA

Tulikuwa watano: mpimaji, mtaalamu wa mimea tuliyemwita Bwana Majani, mchoraji ramani, dereva, na katibu, mama wa binti mmoja, mwenye stashahada ya udongo. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha ardhi oevu inaishia wapi, ili nyumba zijengwe pakavu. Katibu alichimba mashimo ya kina cha mkono na kusoma udongo. Ukiwa wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hukaa, hata kama juu pamekauka. Mchana tulikula pamoja nyuma ya gari, tukitaniana.

MAFANIKIO

Tulipiga vigingi mia mbili na kumi. Ramani ilitoka kwa wakati. Tungependa risala iishie hapa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tulikosea. Upande huu wa chini matete, ambayo huota penye maji, yalizuia kamba ya kupimia isinyooke. Tukayafyeka. Siku tatu baadaye Bwana Majani akaja na daftari lake, akaandika: "Hakuna matete." Siku hiyo katibu alikuwa hospitali na binti yake, hakuchimba. Ukanda ukaingia kwenye ramani kama nchi kavu. Sote tukatia sahihi, katibu naye.

Mvua ziliporudi, matete nayo yakarudi. Katibu akampigia mpimaji.

"Dada, kazi imekwisha. Usitutie matatani."

"Nyumba kumi na nane zitakaa majini, kaka."

"Basi wawauzie na mitumbwi." Akacheka, akakata simu.

Bwana Majani hakupokea. Mchoraji ramani na dereva walishapata kazi mbali.

Katibu akaja peke yake, Jumamosi sita mfululizo. Hakuwa na wa kumshikia ncha ya pili ya kamba, hivyo aliifunga kwenye kigingi, akaenda kupima, akarudi kuifungua. Alisoma vipimo kwa sauti kama zamani, kisha akangoja mtu airudie namba. Ilimchukua Jumamosi mbili kuacha kungoja.

Alichimba mashimo kumi na moja. Tisa yalijaa maji.

Alipokuwa akiandika risala hii mezani, binti yake alichungulia.

"Mama, hao 'sisi' ni kina nani? Si wewe na jembe lako?"

"Sisi ni kikundi. Kaoshe vyombo."

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Jiwe la msingi lisiwekwe hapa leo. Lisogezwe juu, nyuma ya vigingi vyeupe alivyopiga katibu, na ramani ichorwe upya. Lawama tuandikiwe sisi, kwa majina yote matano.

Hatukuombi utuamini tu. Hatua ishirini nyuma ya hema kuna shimo alilochimba katibu leo saa moja asubuhi na kulifunika kwa ubao. Alipolifunika lilikuwa kavu. Kabla hujashika mwiko, twende ukaone lilivyo sasa. Viatu vya mpira vipo, jozi nne zilizobaki stoo kwa katibu. Zimeoshwa. Chagua inayokutosha.

Na tukifika huko, kama hutajali, umshikie katibu ncha ya kamba.

Mungu akupe afya, na akuongoze katika kila unachotia sahihi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wapima Ardhi Oevu.
Waliohudhuria: katibu.