Maneno ya Mtu wa Aden

Baraza ya Mkunazini baada ya alasiri haina nafasi ya kuweka hata kikombe, na katikati ya msongamano huo, jamani, Silima yupo peke yake. Miaka kumi na tisa kayageuza maneno ya Kiingereza kuwa mapigo mafupi na marefu, kayapeleka Aden kwa simu ya waya. Mwezi uliopita kastaafu. Leo siri imemshinda, kaitoa: herufi anazijua zote, Kiingereza hakijui hata neno moja.

Pandu, mchukuzi wa bandarini, nusura apaliwe na kahawa.

– Na ile barua ya serikali uliyonisomea?

– Nlibuni, Pandu. Niwie radhi.

– Lahaula!

– Nna jambo linaniuma. Yule mwenzangu wa Aden, kila jioni kabla ya kufunga, akinipigia maneno yale yale. Nataka kujua ananambia nini.

– Anakuaga tu, – alisema Machano, fundi cherehani.

– Kuaga gani miaka kumi na tisa? – Pandu alimkata. – Anakutaka umuoze binti yako!

– Sina binti.

– Hajui! Wewe humjibu!

– Wacheni upuuzi, – Machano alishusha sauti. – Hii ni siri ya vita vya Suweiz. Vita vyote vimepita kidoleni mwa Silima, na yeye hana habari!

Walicheka. Silima hakucheka. Alimgeukia Mwalim, mgeni aliyehamia skuli ya Bububu juzi tu, akamtajia herufi moja moja. Mwalim aliziandika juu ya pakiti ya sigara, akasoma.

– Anakuuliza: una mtu wa kuzungumza naye?

Mwalim aliinua macho kutoka kwenye pakiti.

– Na wewe ukimjibu nini, mzee wangu?

– Nkimrudishia yale yale. Ndiyo desturi ya simu, mwenzio ajue yamefika sawa.

Basi kumbe kila jioni walikuwa wakiulizana, huyu huku na yule kule, na hakuna aliyejibiwa. Mke wa Silima alikufa, nyumba ikabaki na saa ya ukutani, na kumbe kulikuwa na mtu akimuuliza!

– Tumwandikie leo leo! – Pandu alisahau hasira zake. – Mwalim, shika kalamu!

Mwalim alichomoa karatasi, akaiweka gotini.

– Haya. Jina lake nani?

Silima alifungua mdomo. Mkono wa mtu yule angeutambua kwa pigo moja tu, hata katika mikono elfu. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama kwamba wao wangelijua hilo jina.