Nyuma ya Mlango wa Pili

Benchi letu liko nje ya geti la kiwanja kidogo cha ndege, kati ya maegesho ya teksi na kibanda cha kinyozi. Mimi ndiye mwenye birika. Miaka kumi na tisa nawamiminia kahawa wanaume wanaojua kila kitu kilichomo humo ndani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita mlango wa pili, ule wa ukaguzi. Mimi pia sijapita, ila mimi huwa nanyamaza.

Asubuhi hiyo Breki, dereva wa teksi, alikuwa anamsindikiza binti yake wa pekee, muuguzi, anakwenda nchi ya mbali kwa mkataba wa miaka minne. Ndege saa tano. Binti yuko kwenye foleni ya mizigo, baba kaja kijiweni kuuliza wakale wapi kabla hajaondoka, maana nyumbani hakuna aliyeweza kumeza kitu.

Toroli, mpagazi wetu, anayesukuma mizigo mpaka mlango huohuo na kugeuka, akasema nyuma ya mlango wa pili kuna mgahawa wa vitambaa vyeupe. Abiria anaagiza, anatoka kuwaita watu wake, wanaagana wameshiba.

— Mwambie atangulie akaagize. Wewe malizia kahawa, atakuja kukuita.

Breki akampigia simu binti, akamwambia atangulie. Kisha akaegemea, macho yamemlegea.

Kinyozi hakutaka kupitwa. Makochi ya humo, akadai, yanakukanda mgongo polepole mpaka unasahau unakokwenda. Toroli akaongeza chumba chenye mvua ya kutengenezwa, inanyesha juu ya bati abiria apate usingizi. Kinyozi akaleta bustani, Toroli akatia samaki wanaopita chini ya sakafu ya kioo. Jua lilikuwa la uvivu, kahawa inanukia, na nakiri, hata mimi mtu mzima niliwaona wale samaki.

Akaja mama mmoja na begi lake, mumewe nyuma yake.

— Samahani, bibi. Nikishapita ukaguzi, naweza kutoka tena nimuage huyu?

Nikamtazama Toroli. Toroli akatazama magurudumu ya toroli lake. Kinyozi akapata kazi ya ghafla ya kupangusa mashine.

Breki aliondoka na kikombe changu mkononi. Nikamfuata, maana vikombe vyangu ni sita tu.

Askari wa mlangoni alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Tukazunguka jengo. Upande wa pili kuna dirisha refu, kioo kimefifia kwa alama za mapaji ya nyuso za watu waliosimama pale kabla yetu. Ndani, safu nne za viti vya plastiki, feni moja, na meza ya chai na biskuti. Binti amekaa kiti cha mwisho, kikombe cha karatasi mkononi. Kiti cha pembeni amekiwekea mkoba, asije mtu akakikalia.

Breki akagonga kioo. Binti akasogea. Hawakusikiana. Baba akainua kikombe changu, binti akainua chake, wakanywa hivyo, funda kwa funda, mpaka abiria walipoitwa.

Tuliporudi, Toroli aliuliza kwa sauti ndogo kama mgahawa upo.

— Upo, alisema Breki. Kila kitu kipo.

Akaninyooshea kikombe. Niliinamisha birika, likatoa tone moja.