Mabano ya Mwalimu Bonareri

Nyinyi mnaonong'ona ati kwa nini mpishi ndiye ameandika hotuba hii ya kuaga, nyamazeni. Walimu kumi na wawili wenye vyeti waliombwa, wote wakasema wako bize. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na kazi imeisha.

Mwalimu Orpah Bonareri amefundisha hesabu hapa Muhuru Bay miaka thelathini na moja. Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu.

Nilimjua vizuri siku ya githeri. Mwalimu Omanga, akiwa bado naibu, alinitumia karatasi jikoni: mahindi 8 + maharagwe 2 × 2, hesabu ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Mimi husoma kutoka kushoto, kama Biblia. Nikajumlisha vyote, nikapika mara mbili. Watoto walikula githeri mpaka kesho yake jioni. Omanga akatangaza kwenye paredi ya asubuhi kwamba mimi, Nyakerario, sijui hesabu. Kumbe alitaka maharagwe peke yake ndiyo yaongezwe.

Bonareri alikuja jikoni, akaokota kaa, akaandika ukutani: 8 + (2 × 2). Akaniambia, "Mama, kanuni ni kuzidisha kwanza. Lakini anayeandikia mtu asiyefundishwa kanuni, aweke mabano." Mabano hayo bado yako ukutani. Nimekataza mtu kupaka rangi hapo.

Halafu ukaja mtihani wa majaribio wa kanda. Swali: 24 ÷ 4(1 + 2). Waliogawa kwanza walipata 18. Walioshika ile nne na mabano yake kama kitu kimoja walipata 2. Karatasi ya majibu ilisema 18 tu. Bonareri akawapa wote alama, akaandika kwa wino mwekundu kwamba aliyekosea ni mtunga swali. Aliitwa ofisini, akaambiwa afute. Akajibu, "Fungeni mabano vizuri, nami nitafuta." Aliandikiwa barua ya onyo. Kila nafasi ya unaibu ilipotokea, barua hiyo ilitolewa kwa faili kama nyoka kwa shimo. Miaka tisa. Hakuomba msamaha hata siku moja, na mimi nilikuwa namwekea chai ya maziwa mengi kwa sababu hiyo.

Sheila, binti yangu, alikuwa kati ya wale wa 2. Leo ni fundi wa kupima mashamba Homa Bay. Mpingeni sasa.

Asante, Mwalimu. Nenda Kendu Bay ulime viazi vyako, miguu ipumzike, na wajukuu wakusumbue kwa maswali yaliyoandikwa vizuri.

Na wewe Omanga, siku hizi mwalimu mkuu, wacha kuangalia keki. Faili ya huyu mama haitoki shuleni ikiwa na barua ile. Inuka, lete barua hiyo hapa mbele, uipasue watu wakiona. Barua kwanza, keki baadaye. Kisu ninacho mimi.

Priscilla Nyakerario, jikoni