Bambo Fletcher Mangulenje na Kazi Aliyoiacha Namisonga

Ndugu wapendwa, wachungaji, wazee wa kanisa, majirani na ninyi mliotoka mbali mkalowa na ukungu huu wa chiperoni, tunamshukuru Mungu aliyetufikisha hapa Mithawa leo Jumamosi, tarehe 20 Julai 2019, kumrudisha ndugu yetu kwa watu wa mama yake, kama desturi yetu ilivyo.

Bambo Fletcher Mangulenje alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji hiki hiki, wilaya ya Mulanje, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bambo Josiya Mangulenje na marehemu Mayi Esimi. Jina la Fletcher lilikuwa la fundi mitambo wa kiwanda cha chai, Mzungu ambaye baba yake alimpenda kwa kuwa hakupiga kelele watu walipokosea. Mtoto naye akatoka mtulivu vilevile. Mama yake alizoea kusema kwamba hata njaa ilipomshika alilia kwa adabu.

Alisoma shule ya misheni hapa Mulanje akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Mvua zikinyesha mto ulikuwa unajaa, wenzake wakirudi nyumbani yeye alibaki ng'ambo kwa shangazi yake ili asikose masomo. Alibatizwa mwaka 1963 na hakuwahi kuacha kanisa.

Tarehe 6 Februari 1969 aliajiriwa na reli pale Limbe, kwanza mpakia mizigo, kisha mtu wa pointi, yule anayegeuza njia za treni, kisha karani. Mwaka 1986 alifanywa mkuu wa stesheni ya Namisonga, kati ya Limbe na Luchenza. Alikaa hapo mpaka kazi ilipomwisha, na jinsi ilivyomwisha ndilo jambo ambalo familia imeomba lielezwe vizuri, maana limesemwa kwa namna nyingi.

Agosti 1975 alimwoa Mayi Edina wa kijiji cha Chimbalanga. Siku ya posa alifika jua limeshageuka, na mjomba wa binti, marehemu Bambo Magombo, aliyekuwa nkhoswe wa ndoa, mdhamini wao wa kusuluhisha mambo ya nyumba, alimpokea kwa uso mkavu.

"Mtu wa reli anachelewaje?"

"Treni ndiyo iliyochelewa, baba. Mimi nilikuwa ndani yake."

Mjomba akacheka, na mambo yakaisha. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Yankho. Mayi Edina alimfuata mumewe Namisonga, akawa anauza mandasi na kinywaji cha thobwa pale stesheni, kwa hiyo mengi ya kazi ile aliyaona kwa macho yake mwenyewe. Kuyaelewa ni jambo lingine.

Reli ilipopata wenyewe wapya, habari zilianza kushuka kutoka Limbe, kila treni na yake. Hii inasema stesheni zinafungwa, ile inasema mnapewa sare mpya, nyingine inasema yote mawili. Stesheni ilikuwa na watu wanne, na mdogo wao alikuwa Wyson Nakhumwa, mtu wa pointi. Shemeji yake Wyson alikuwa amempatia nafasi ya kuendesha trekta kwenye shamba la chai, na jibu lilitakiwa wiki ileile. Akamfuata mkuu wake, Mayi Edina akiwa hapo na beseni lake.

"Bwana, niambie kweli. Huku kuna nini? Niende kwenye trekta au nibaki?"

"Hakuna kitakachobadilika, Wyson. Kaa na kazi yako."

"Basi nabaki."

Walipofika nyumbani Mayi Edina alimuuliza, "Baba Yankho, umejuaje kwamba hakuna kitakachobadilika?"

"Sijui."

"Sasa mbona umemwambia?"

"Alikuwa anatetemeka."

Haikupita miezi mingi maboksi yakashushwa. Ndani yake zilikuwemo redio za upepo, za kusemeshana kutoka mbali. Siku zote dereva hakuruhusiwa kuingia kwenye njia mpaka ashike mkononi kibao cha shaba, na kibao kilikuwa kimoja tu kwa kila kipande cha njia, kwa hiyo treni mbili zisingeweza kukutana. Sasa vibao vingechukuliwa, na ruhusa ingekuwa maneno matupu hewani. Madereva wakaapa hawataondoka mikono mitupu. Bambo Salijeni, msaidizi wa stesheni, akasema hataweka roho za watu kwenye kisanduku kinachokoroma. Na Wyson alikwenda kuulizia trekta, akaikuta ina mtu. Kuanzia siku hiyo alimsalimia mkuu wake huku akiangalia reli.

Bambo Fletcher aliwaita wote akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Nilimwambia Wyson hakuna kitakachobadilika," alisema. "Nilisema nisilolijua. Kuanzia leo nikijua nitawaambia, na nisipojua nitasema sijui."

"Bwana," Salijeni akauliza, "na kwa sasa unajua nini?"

"Kwa sasa najua kwamba vibao vinaondoka mwisho wa Septemba. Mengine sijui."

"Hata hili la redio?"

"Hilo ndilo silijui kabisa."

Mayi Edina alisikia aibu akajifanya anahesabu mandasi. Hakujua mkuu anapata faida gani kusema hivyo mbele ya watu wake. Lakini kila Jumatatu mumewe alipanda treni kwenda Limbe kuuliza, na kila jioni aliporudi aliwaeleza alichoambiwa, hata kama alichoambiwa ni kusubiri. Polepole wakaacha kuokota habari kwenye mabehewa, wakawa wanamngoja yeye.

Kisha akawafundisha. Alichora njia kwa chokaa kwenye uwanja wa nyuma, akawageuza watu kuwa treni. Wyson alikuwa ya mizigo. Mtu wa kuwa treni ya abiria kutoka Luchenza alikosekana, akaitwa Mayi Edina, beseni kichwani.

"Mimi ni ya kwenda au ya kurudi?"

"Simama hapo mpaka upewe ruhusa."

"Na nani?"

"Na Salijeni."

"Salijeni mwenyewe ananiuliza mimi."

Basi Mayi Edina akaondoka, Wyson naye akaondoka, wakagongana katikati ya chokaa, mandasi yakatawanyika. Salijeni akatangaza kwamba abiria wote wamekufa ila mandasi machache. Hapo ndipo Wyson alipocheka mara ya kwanza tangu suala la trekta, ingawa alipogundua anacheka aliacha.

Kosa lilionekana palepale. Sheria ya redio inataka anayepokea ruhusa airudie neno kwa neno, ili aliyeitoa ajue imesikika. Wyson alipoambiwa jambo na mkuu wake alikuwa anaweka redio chini, anapiga makofi taratibu kwa heshima kama alivyolelewa, anasema, "Zikomo, bwana," yaani asante, kisha anaondoka. Makofi hayasikiki hewani, na redio iko chini. Wenzake nao walifanya vivyo hivyo.

"Rudia maneno yangu, Wyson."

"Bwana, nikurudishie maneno yako mdomoni, mtu mzima? Watu watasema nakuigiza."

Hakuna mkubwa wa reli kule Limbe aliyekuwa amewaza jambo hilo. Bambo Fletcher alikaa juu ya boksi akashika kichwa. Kisha akampa Wyson redio ya mkuu, yeye akachukua ile ya dereva, akaenda kusimama mwisho wa uwanja.

"Niamuru wewe."

Wyson akakataa. Akaombwa tena. Mwishowe kwa sauti ndogo akasema, "Mizigo, toka Namisonga mpaka Luchenza, njia ni yako."

Na mzee yule, mwenye mvi na kofia ya reli, akarudia kila neno bila kuongeza wala kupunguza, kisha akatembea kwenye chokaa. Akarudi, akaamriwa na Salijeni, akarudia. Ikawa hivyo wiki nzima: wadogo wanamwamuru, yeye anarudia. Baada ya hapo hakuna aliyeona tena kwamba kurudia maneno ni kumdharau mtu. Vibao vilipoondoka, treni ya kwanza ilitoka Namisonga na Bambo Fletcher amekaa mbele pamoja na dereva, mikono mitupu, na Mayi Edina akaomba kwa sauti pale kwenye jukwaa mpaka redio iliposema wamefika.

Hapo ingefaa tuseme mambo yakawa mazuri. Machi 2002 alirudi kutoka Limbe akawaeleza alichokijua: kwa kuwa redio imepunguza kazi, Namisonga itabaki na watu watatu, na atakayetoka ni aliyeajiriwa mwisho. Huyo alikuwa Wyson.

Bambo Fletcher hakulala vizuri siku hizo. Jumatatu iliyofuata alikwenda tena Limbe, akawaambia wakubwa wamtoe yeye, Salijeni awe mkuu, Wyson abaki. Mkubwa mmoja akamjibu, "Mzee, hatukukuomba wewe. Lakini kwa ukubwa wa mshahara wako, tunashukuru." Wakakubali siku hiyohiyo.

Alipomweleza mkewe, Mayi Edina alidhani ni mzaha.

"Watu wako umewavusha wote," alisema, "halafu wewe na mimi tumebaki ng'ambo?"

Wakahamia Chimbalanga, kwao Mayi Edina, na mwanamume aliyekuwa na kofia na nyumba ya reli akawa mkwe anayelima kwa mkewe. Wadogo zake Yankho walikuwa bado shule ya upili. Mayi Edina akampeleka mumewe mbele ya nkhoswe, na jamaa wakakaa.

"Ulitoa kazi yako ukampa mtoto wa watu?" mjomba Magombo aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Alibaki kwa ajili ya neno langu."

"Na hawa wako, watakula neno?"

"Sijui nijibu nini, baba."

Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Edina, huyu mkwe wetu ni mjinga au ni Mkristo, mimi nashindwa kutofautisha. Mpe jembe."

Alipewa jembe, na alilima vizuri. Watoto walisoma, kwa shida, kwa mandasi na mahindi. Kanisa lilimchagua kuwa mzee wa kanisa mwaka 2005, na usharika ulipogawanywa vipande viwili na watu wakagombania kwaya na benchi, ni yeye aliyetumwa kwenda kuzungumza nao. Tunaambiwa alianza kwa kusema hajui itakavyokuwa, na watu wakakaa kumsikiliza.

Kisukari kilimwanza mwaka 2014. Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa hospitali Blantyre, akarudi nyumbani, akalazwa tena mwezi Juni. Maneno yalimtoka kwa shida lakini akili ilikuwa nzima. Juma lililopita, akimlisha uji, Mayi Edina alimuuliza swali alilolibeba miaka yote.

"Baba Yankho, lile la Wyson. Ungelirudia?"

Alifikiri mpaka uji ukapoa. "Kumpa nafasi, ningempa," alisema. "Kumwambia hakuna kitakachobadilika, hapana."

"Na sisi, je?"

Alikuwa ameshasinzia. Jumatano tarehe 17 Julai, alfajiri, Bwana alimchukua, akiwa na miaka sabini.

Bambo Fletcher ameacha mjane, Mayi Edina, watoto watatu, Yankho, Tionge na Mphatso, wajukuu saba, na dada yake mmoja, Mayi Elube. Wapo pia nasi Bambo Salijeni, na Bambo Wyson Nakhumwa, ambaye sasa ndiye mkuu wa stesheni na ameshika jeneza tangu Blantyre bila kukubali kupokewa.

Juzi Mayi Edina alikaa mkekani na Wyson, akamuuliza Wyson kama yeye anaelewa kwa nini aliachiwa nafasi ile. Wyson alisema, "Mayi, kila mwezi nikipokea mshahara najiuliza. Sijaelewa bado."

Wasifu huu uliposomwa kwake jana, Mayi Edina alisema usiandikwe kwamba amekubali, maana hajakubali, wala usiandikwe kwamba ana kinyongo, maana hana. Alitaka iandikwe kwamba aliishi na mtu mwema karibu miaka arobaini na minne, kuna jambo moja lake hajalielewa, na siku watakapokutana mbele za Bwana atamuuliza kabla hata ya salamu.

Kwa sasa asisumbuliwe. Bwana ampe mtumishi wake mapumziko ya amani, amjalie na Mayi Edina uvumilivu wa kungoja jibu. Amina.