Mlango wa Stoo Ukadake

Mbele ya kibanda cha fundi viatu palikuwa na benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wenyewe walijua pa kukaa ili lisiyumbe. Fundi, ambaye jina lake lilikuwa Soli, alikalia kigoda chake akipiga nyundo viatu na mazungumzo kwa pamoja. Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama asiyekubali hukumu yoyote, hata ya mvua, alikaa upande wa mguu mfupi kwa kuwa ndiye mwepesi. Mwishoni alikaa Brashi, mchora mabango. Birika, muuza kahawa, hakai kamwe. Na mchana huo wa fainali, katikati yao alikaa Vigae, mwanamke fundi wa kuweka vigae sakafuni na mdakaji wa timu ya softiboli ya mtaa, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira unaorushwa. Siku ya mechi mfuko wake wa vifaa huwa mapajani, tayari kwa safari. Leo aliusukuma chini ya benchi kwa kisigino, na watu waliliona hilo kabla hajafungua mdomo.

— Mechi saa kumi, Vigae. Mbona hujavaa? akauliza Soli, misumari mdomoni.

— Siendi.

— Huendi wapi?

— Kuchuchumaa. Leo sichuchumai. Mlango wa stoo ukadake.

Soli akaitema misumari yote kiganjani. Brashi akakiinamia kikombe chake, maana mlango huo alikuwa anaujua kuliko mtu yeyote.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kamati ya timu ilimpa Brashi kazi ya kuichora timu nzima kwenye ukuta wa uwanja. Brashi amemwoa dada yake Vigae, kwa hiyo ni shemeji, tena shemeji wa kula sahani moja. Na alichora vizuri, haki yake apewe. Kombeo, mrushaji wao, alichorwa na mkono mrefu wa kufagia mawingu. Mpigaji ameshika gongo, wanaolinda vituo vya kukimbilia wamesimama vituoni, hata yule anayegawa maji yumo na ndoo yake. Ila pale nyuma ya mpigaji, mahali hasa pa mdakaji, ukuta una mlango wa chuma wa stoo. Brashi akaufikia mlango, akauruka, akaendelea na majani upande wa pili. Yaani majani yamo, mdakaji hayumo.

— Shemeji, nimeshakwambia, akasema Brashi. Rangi niliyopewa ni ya maji. Haishiki kwenye chuma.

— Si ungenisogeza?

— Nikikusogeza utakuwa umekaa pembeni ya mpigaji. Watu watasema sijui mchezo.

— Na sasa wanasema unajua?

— Binti yangu, tulia, akaingilia Mzee Rufaa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mdakaji hatembei, amechuchumaa tu pale. Kwa hiyo wewe ni kizuri. Umeshashinda kesi, picha ya nini?

— Mzee, kizuri kikijiuza gizani kinanunuliwa na nani?

Birika akacheka, akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Mimi nasema ukweli, Birika akaanza, na mtu akianza hivyo ujue uongo uko njiani. Mdakaji ni kazi ya kizamani. Ukitundika wavu pale nyuma, mpira unanasa, unautoa, mambo yamekwisha. Wavu hauna hasira.

— Wavu unatoboka, akasema Soli. Godoro. Mpira ukigonga godoro unaanguka hapo hapo kama mtu aliyechoka.

— Na nani atamrudishia Kombeo huo mpira? akauliza Birika. Godoro?

— Hapo sasa ndipo mlango unapoingia, Mzee Rufaa akasema, akainua kidole cha mahakamani. Mpira ukigonga chuma unarudi wenyewe kwa mrushaji. Mshahara hautaki, magoti hauna. Samaki mkunje angali mbichi. Magoti ya mwanangu huyu yameshakauka, kila akiinuka yanalia kama bawaba. Bora bawaba zenyewe.

— Nakubaliana, akasema Soli. Ila mpigaji naye anasumbua. Ndiye anayetuharibia mipira.

— Tumwondoe pia, akasema Birika.

— Tukimwondoa mpigaji, akasema mzee, Kombeo atarusha, mlango utarudisha, Kombeo atarusha, mlango utarudisha. Hatufungwi mpaka kiama. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakakubaliana kwa vichwa, wamefurahi kama watu waliogundua moto. Vigae aliwatazama mmoja mmoja. Hasira yake haikuwa ya jana wala juzi. Ilikuwa ya misimu mingi, na leo ilikuwa imeiva.

— Nusu fainali mlikuwepo? akauliza.

— Tulikuwepo wote, akasema Soli. Kombeo aliwamaliza.

— Mpira wa mwisho ulipita wapi?

— Ulipita... si alimtoa yule mpigaji wao?

— Ulipiga chini, Soli. Kombeo alichoka, mkono ukamlegea, mpira ukapiga vumbi mbele ya miguu ya yule dada, akapiga gongo hewani, akaukosa mara ya tatu. Nao walikuwa na mtu kituo cha tatu, hatua chache afike kituo cha nyumbani, wapate alama. Mpira ungenipita, yule angeingia na sisi tungekuwa hapa tunasimuliana bahati mbaya. Niliuzuia kwa kifua. Nikauokota kwenye vumbi, nikamgusa nao mpigaji kabla hajakimbia, maana usipodakwa moja kwa moja ana ruhusa ya kukimbia. Halafu nilipoinua macho, mmeshambeba Kombeo mabegani.

— Tulidhani umeanguka, akasema Birika.

— Nilikuwa nimepiga magoti natafuta pumzi. Mlipita pembeni yangu. Wewe Birika uliniruka.

Birika akaanza kufuta birika lake lililokuwa safi.

— Na kabla Kombeo hajarusha, akaendelea Vigae, nani anamwambia arushe wa juu au wa chini, wa kasi au wa pole? Namwonyesha kwa vidole, hapa katikati ya mapaja, wenzetu wasione. Wachezaji wote wanatazama kwangu. Mimi peke yangu ndiye ninayewatazama wao. Mwenzetu akizubaa kituoni namwona mimi. Anayetaka kuiba kituo, akikimbilie kabla mpira haujapigwa, namwona mimi. Vidole hivi, tazameni.

Akanyoosha mkono wa kulia. Kidole cha pete kilikwenda njia yake, na cha shahada kilikuwa na fundo pale kilipogongwa na mpira uliokwaruzwa na gongo. Mpira wenyewe si laini hata kidogo.

— Nakata rufaa, akasema Mzee Rufaa kwa sauti ya chini. Hivyo vidole vinaweza kuwa ni vya vigae.

— Ya vigae ni haya magoti, mzee wangu. Vidole ni vya mchezo.

Brashi akasogea kidogo.

— Shemeji, ni picha tu. Timu inajua kazi yako.

— Juzi nilimpeleka mwanangu akaione, Vigae akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua, jambo lililowatisha kuliko makelele. Alimwona Kombeo, akawaona wote, mpaka wa ndoo. Akazunguka ukuta mzima ananitafuta. Mwisho akasimama kwenye mlango wa stoo, akagonga. Akaniuliza, mama, wewe uko humu ndani?

Nyundo ya Soli ikalala kwenye kiatu.

— Iliniuma, Brashi. Nakwambia wazi, iliniuma. Kwa hiyo leo mniache. Kama pale ni mahali pa mlango, mlango ufanye kazi.

Hapo mtu mgeni akafika barabarani anatembea kwa kuvuta mguu. Shati lake lilipigwa pasi, begani alikuwa na mfuko, na soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka kama mdomo. Akawaamkia, akamwamkia mzee kwa shikamoo, akamwomba fundi amshonee haraka kwa sababu ana kazi uwanjani saa kumi.

— Uwanjani? Shabiki wa nani? akauliza Birika.

— Sina timu. Mimi ni mwamuzi.

Soli akapokea kiatu. Mwamuzi akasimama kwa mguu mmoja, kashika nguzo ya kibanda.

— Basi umekuja wakati mzuri, akasema Mzee Rufaa, aliyefurahi kuona mahakama imepata hakimu. Tusaidie. Mdakaji wetu huyu hapa amegoma. Sisi tumeshauriana, tumeona pale nyuma hapana haja ya mtu. Mlango utatosha. Wewe kama mtaalamu unasemaje?

Mwamuzi alifungua mfuko wake akitafuta soksi, na ndani yake kikaonekana kinyago cha chuma na kinga nyembamba ya kifua. Akamtazama Vigae, akautazama mfuko ulio chini ya benchi.

— Mimi mahali pangu ni nyuma ya mdakaji, akasema. Nainama juu ya bega lake, mpira unakuja usoni kwangu, yeye anaudaka. Sasa nauliza tu, wazee. Leo nitasimama nyuma ya nani?

Mzee Rufaa akafungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Wahenga nao walikuwa wamekwenda mechi.

Brashi ndiye aliyeinuka. Benchi likayumba.

— Duka la vifaa vya ujenzi wana rangi ya mafuta, akasema. Ile inashika kwenye chuma.

— Kumbe ilikuwepo siku zote, akasema Vigae.

— Ilikuwepo. Sikuiulizia.

— Haya. Utanichora bila kinyago, uso wangu uonekane. Nichuchumae sawasawa, mkono mbele. Na vidole uvichore vilivyopinda. Usininyooshe.

— Nimekuelewa, shemeji. Lakini rangi ya mafuta haikauki kabla ya saa kumi.

— Mimi nimesubiri misimu yote hii, na saa kumi nayo isubiri. Nikijiona pale, nachuchumaa. Sijajiona, mjue mlango wenu hauna glavu.

Brashi akaondoka mbio, ndala zikimpiga visigino. Mzee Rufaa akageuka kwa mgeni, uso wote matumaini.

— Bwana mwamuzi, sheria hairuhusu mechi kuchelewa, au siyo?

— Mechi inaanza nikisema mimi.

Akaja akakaa palipokuwa pa Brashi. Kwa kuwa hakujua mahali pa kukaa, benchi likainama, na Vigae ikabidi asogee kumpa nafasi. Akaomba kahawa. Birika akalitikisa birika lake mara mbili, likatoa sauti ya utupu.

— Imekwisha.

— Si neno, akasema mwamuzi, mguu mmoja bila kiatu. Tutaisubiri rangi mikono mitupu. Mbele ya mlango mimi sisimami.